Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, Ireland, 28 Februari 1911 – Gloucester, Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi nchini Uganda kwa miaka 20. Anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt. La pili ni hoja yake kwamba magonjwa mengi ya utumbo mpana yaliyoenea katika nchi tajiri yanatokana na upungufu wa nyuzinyuzi katika chakula.

Hoja hiyo aliijenga kwa kulinganisha wagonjwa wa Ulaya na watu wa vijijini Afrika Mashariki. Sehemu yake kubwa imethibitika, lakini maelezo aliyotoa kuhusu namna nyuzinyuzi zinavyofanya kazi hayakukamilika, kwa sababu wakati wake bakteria wa utumbo walikuwa hawajaeleweka vizuri.

Utoto na elimu

Burkitt alizaliwa katika mji mdogo wa Enniskillen, ambao leo uko Ireland Kaskazini. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya, na katika muda wake wa ziada alichunguza ndege. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwafunga ndege pete miguuni ili kuwatambua mmoja mmoja, kisha akachora ramani ya eneo la kila ndege. Tabia hiyo ya kuuliza kitu kiko wapi na hakiko wapi mtoto aliirithi, ingawa yeye aliitumia kwa magonjwa.

Akiwa na umri wa miaka 11 aligongwa na jiwe katika ugomvi wa watoto. Miwani ilivunjika na jicho la kulia likaharibika kabisa. Alibaki na jicho moja maisha yake yote, lakini hilo halikumzuia kuwa mpasuaji.

Mwaka 1929 aliingia Trinity College, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza alihamia udaktari. Alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti mwenye imani kali, na uamuzi huo aliuona kuwa wito. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akakubaliwa kuwa mwanachama wa chuo cha wapasuaji cha Edinburgh. Mwaka huohuo alisafiri kama daktari wa meli ya mizigo hadi Mashariki ya Mbali. Baba yake mdogo, Roland Burkitt, alikuwa tayari daktari anayejulikana mjini Nairobi.

Denis aliomba kazi katika utumishi wa serikali ya kikoloni barani Afrika, lakini alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia njia. Mwaka 1941 alijiunga na kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza, akatumwa Kenya, Somalia na Ceylon. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi, na wakajaliwa mabinti watatu. Akiwa askari nchini Kenya alitembelea Uganda, akaamua kurudi huko vita vikiisha.

Lira na Mulago

Mwaka 1946 alipangiwa hospitali ya Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Alikuta hospitali ya vitanda takriban 100 iliyohudumia eneo kubwa sana. Wanaume wengi walikuja kupasuliwa busha. Burkitt aligundua kwamba wengi wao walitoka upande wa mashariki wa wilaya. Alizunguka vijijini akapima wanaume, akakuta kwamba mashariki karibu theluthi moja walikuwa na busha, lakini magharibi ilikuwa vigumu kumpata hata mmoja kati ya 100. Tofauti hiyo ilifuatana na kuenea kwa minyoo ya filaria inayosambazwa na mbu. Matokeo aliyachapisha mwaka 1951. Yalikuwa makala madogo, lakini yana mbinu yote aliyoitumia baadaye: kuhesabu wagonjwa, kuwaweka kwenye ramani, na kuuliza kwa nini hapa wapo na pale hawapo.

Mwaka 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago mjini Kampala, ambako alifanya kazi ya upasuaji na kufundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere.

Saratani ya taya

Mwaka 1957 daktari mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Uvimbe wa namna hiyo haukufanana na jipu wala na saratani aliyoijua. Baada ya majuma machache, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona kupitia dirishani msichana mwenye uso uliovimba vilevile. Alipompima akakuta uvimbe pia tumboni. Aliporudi Kampala alifukua kumbukumbu za hospitali na kukuta watoto wengi waliokuwa wameandikiwa saratani tofautitofauti za taya, figo, ovari na ini. Alitambua kwamba ulikuwa ugonjwa mmoja. Makala yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huo yalitoka mwaka 1958.

Ili kujua ugonjwa unafika wapi, alichapisha vipeperushi vyenye picha na maswali mafupi, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Ruzuku yake ya kwanza ilikuwa pauni 25 tu. Mwezi Oktoba 1961 alisafiri kwa gari kuukuu la Ford pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Katika majuma 10 walipita Tanganyika na nchi nyingine hadi Afrika Kusini, wakisafiri kilomita zipatazo 16,000 na kutembelea hospitali 57. Ramani iliyotokana na safari hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa katika nchi za joto zenye mvua za kutosha, na haukuonekana katika nyanda za juu zenye baridi. Mpaka huo ulilingana na ule wa malaria.

Mwezi Machi 1961 alikuwa ametoa mhadhara mjini London. Kati ya wasikilizaji alikuwepo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Burkitt alikubali kumtumia vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza virusi vipya ndani ya seli za uvimbe huo, ambavyo sasa huitwa virusi vya Epstein-Barr. Ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Jaribio la kuzuia malaria kwa klorokwini lililofanyika baadaye katika wilaya ya Mara Kaskazini, Tanzania, lililenga kuona kama saratani hiyo ingepungua pamoja na malaria, lakini matokeo yake hayakutoa jibu la hakika.

Upasuaji haukuwasaidia watoto hao. Hapakuwa na mashine ya mionzi Kampala, kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa za saratani alizopewa na watafiti wa Marekani, kama vile methotreksati na siklofosfamidi. Kwa baadhi ya watoto, dozi moja au chache ziliyeyusha uvimbe kwa siku kadhaa tu, na wengine walipona kabisa. Mjini Nairobi Peter Clifford alipata matokeo yanayofanana. Kazi hiyo ilikuwa chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967, Burkitt akiwa ameshaondoka.

Kutoka taya hadi utumbo

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966 akaajiriwa na Baraza la Utafiti wa Tiba. Mwaka uliofuata alikutanishwa na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini. Cleave alidai kwamba kisukari, vidonda vya tumbo, kuoza kwa meno, kufunga choo na magonjwa mengine ya Ulaya yana chanzo kimoja, yaani sukari na unga mweupe. Madaktari wengi walimwona kama mtu mwenye wazo moja tu. Burkitt alimsikiliza, kwa sababu orodha ya Cleave ilikuwa ni orodha ya magonjwa ambayo yeye mwenyewe karibu hakuyaona kwa miaka 20.

Nchini Uingereza mpasuaji alikuwa akitoa kidole tumbo kila juma. Mulago kazi hiyo ilikuwa nadra kwa wenyeji, na wagonjwa wengi wa aina hiyo walikuwa Wazungu au Waafrika wa mjini walioishi kama Wazungu. Vifuko vya utumbo mpana, vinavyowapata Waingereza wengi wazee, havikuonekana. Saratani ya utumbo mpana, bawasiri, mawe katika kifuko cha nyongo na ngiri ya kiwambo zilikuwa chache. Trowell naye alikuwa ameandika jambo hilohilo katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu magonjwa yasiyoambukizwa barani Afrika. Trowell alikuwa ameacha udaktari na kuwa mchungaji Uingereza, lakini baadaye alirudi kushirikiana na rafiki yake wa zamani.

Burkitt alirudia mbinu yake ya vipeperushi. Hospitali za misheni zipatazo 150, nyingi zikiwa Afrika, zilimjibu kila mwezi zikieleza ni wagonjwa wangapi wa kila ugonjwa waliowaona. Hoja yake ilikwenda tofauti kidogo na ya Cleave. Cleave aliangalia kilichoongezwa katika chakula, yaani sukari. Burkitt na Trowell waliangalia kilichoondolewa, yaani nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe wa wakati ule walizihesabu kama takataka isiyo na faida kwa kuwa mwili hauwezi kuzimeng'enya.

Kupima choo

Hatua iliyofuata iliwachekesha wengi. Pamoja na Alec Walker wa Johannesburg na mpasuaji Neil Painter wa London, Burkitt alipima uzito wa kinyesi na muda ambao chakula hupita tumboni. Mtu alimeza vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwa eksirei. Kila alipokwenda haja, kinyesi kiliwekwa katika mfuko, kikapimwa na kupigwa picha ya eksirei ili kuhesabu vipande vilivyotoka.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1972 katika jarida la Lancet. Wanamaji wa Uingereza na wake zao walitoa wastani wa gramu 104 za kinyesi kwa siku, na chakula kilichukua saa 83 kupita. Wanakijiji wa Uganda walitoa gramu 470, na muda ulikuwa saa 36. Waingereza wasiokula nyama walikuwa katikati. Inafaa kukumbuka kwamba Waganda waliopimwa walikuwa 15 tu. Hata hivyo tofauti ilikuwa kubwa mno kusemwa kuwa ni bahati, na vipimo vya watoto wa shule wa vijijini Afrika Kusini, waliokuwa wengi zaidi, vilielekea upande huohuo.

Burkitt alieleza hivi. Nyuzinyuzi hunyonya maji, hufanya kinyesi kiwe kingi na laini, na hukiharakisha. Palipo na nyuzinyuzi chache kinyesi huwa kidogo na kigumu, utumbo hulazimika kukisukuma kwa nguvu, na shinikizo hilo hutokeza vifuko na bawasiri. Kuhusu saratani alifikiri kwamba bakteria wa utumbo mpana hugeuza asidi za nyongo kuwa kemikali zenye madhara. Kinyesi kingi kinachopita haraka huzichanganya na maji na kuzitoa kabla hazijagusa ukuta wa utumbo kwa muda mrefu. Katika picha hiyo bakteria walikuwa hasa watengenezaji wa sumu.

Alisafiri nchi nyingi akitoa mihadhara yenye picha za vinyesi alizopiga vijijini Afrika, na aliwatania wasikilizaji kuhusu uhusiano kati ya udogo wa choo na ukubwa wa hospitali. Alisifu pia choo cha kuchuchumaa, ingawa ushahidi wake kuhusu jambo hilo ulikuwa hafifu. Mwaka 1975 yeye na Trowell walihariri kitabu cha kitaalamu kuhusu vyakula vya wanga vilivyokobolewa na magonjwa, na mwaka 1979 alitoa kitabu kwa wasomaji wa kawaida kuhusu nyuzinyuzi, kikatafsiriwa katika lugha kadhaa. Mauzo ya mkate wa ngano isiyokobolewa na pumba za ngano yaliongezeka, na makampuni ya nafaka za asubuhi yakalitumia neno nyuzinyuzi katika matangazo yao.

Vyakula alivyovizungumzia

Mlo aliousifu Burkitt haukuwa wa kigeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mfano mzuri ni Usukuma. Katika Nyalikungu, makao makuu ya Wilaya ya Maswa katika mkoa wa Simiyu, na katika vijiji vinavyoelekea Bariadi, mlo wa zamani ulikuwa ugali wa mtama, uwele au muhogo, pamoja na mlenda, majani ya kunde, choroko, dengu, njugu mawe na viazi vitamu. Viazi huhifadhiwa kwa kiangazi kwa namna mbili: michembe, yaani viazi vibichi vilivyokatwa na kuanikwa, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Maziwa yaligandishwa katika vibuyu.

Unga wa mahindi unaonyesha tofauti ambayo Burkitt aliisisitiza. Dona husagwa pamoja na ganda na kiini cha punje. Sembe hukobolewa kwanza, na pumba, ambamo nyuzinyuzi nyingi zimo, huenda kwa kuku na ng'ombe. Mtu anaweza kula ugali uleule kwa kiasi kilekile na kupata nyuzinyuzi chache zaidi kwa sababu tu ya mashine aliyoipitia.

Jambo moja Burkitt hakulijua mwanzoni. Si kila kinachofika utumbo mpana bila kumeng'enywa ni ganda la nafaka. Sehemu ya wanga wa mtama, kunde na ndizi mbichi hupita utumbo mwembamba salama, na ndivyo ilivyo kwa wanga uliopikwa kisha ukapoa, kama ulio katika kiporo cha ugali au viazi. Wataalamu wanauita wanga sugu. Watafiti wa Cambridge, John Cummings na Hans Englyst, ni miongoni mwa walioonyesha umuhimu wake katika miaka ya 1980. Waafrika wa vijijini walikuwa wakilisha utumbo mpana kwa wanga huo pia, siyo kwa nyuzinyuzi peke yake.

Bakteria waliokosekana katika maelezo yake

Utumbo mpana wa binadamu una matrilioni ya bakteria. Nyuzinyuzi nyingi na wanga sugu huwafikia kama chakula. Bakteria huvichachusha, na uchachushaji huo hutoa asidi fupi za mafuta: asetiki, propioniki na butiriki. Asidi butiriki ndiyo chakula kikuu cha seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana. Seli hizo huitumia kupata nishati. Asidi hiyo hutuliza uvimbe wa ndani, huimarisha ukuta, na katika maabara imeonekana kusababisha seli za saratani zife. Asidi zote hizo pia hufanya utumbo uwe na uchachu, hali isiyowafaa baadhi ya bakteria wanaogeuza asidi za nyongo kuwa sumu.

Kwa hiyo kinyesi kizito cha wanakijiji wa Uganda hakikuwa nyuzinyuzi na maji tu. Sehemu kubwa ilikuwa miili ya bakteria walioongezeka kwa kulishwa vizuri. Burkitt aliiona dalili ya nje ya kazi yao, akaipima kwa mizani.

Neno prebiotiki lilipendekezwa mwaka 1995 na Glenn Gibson na Marcel Roberfroid, miaka miwili baada ya Burkitt kufa. Prebiotiki ni chakula kisichomeng'enywa na mwili ambacho huwafaidi bakteria wazuri wa utumbo, kwa mfano inulini iliyomo katika vitunguu maji na vitunguu saumu. Si nyuzinyuzi zote ni prebiotiki, kwa kuwa nyingine, kama pumba ngumu za ngano, huchachushwa kidogo tu na kazi yake ni kuongeza wingi wa kinyesi, kama Burkitt alivyosema.

Probiotiki ni kitu tofauti. Ni vijidudu hai vyenyewe vinavyoleta faida ya afya vikiliwa kwa kiasi cha kutosha. Wazo hilo ni la zamani kuliko Burkitt: mwanzoni mwa karne ya 20 Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris alidai kwamba maziwa ya mgando huzuia uozo ndani ya utumbo mpana. Karibu na Simiyu kuna mfano wake wa kisasa. Kuanzia mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ya Mwanza na shirika la Kivulini walisaidia vikundi vya akina mama wa Mwanza kutengeneza na kuuza mtindi wenye bakteria aliyechunguzwa, Lactobacillus rhamnosus GR-1.

Maziwa ya mgando ya kibuyu pia yana bakteria hai, lakini hayaitwi probiotiki kisayansi mpaka bakteria wake watambuliwe na faida yao ipimwe. Tena bakteria wa kunywa kwa kawaida hupita tu bila kuweka makazi. Wasipoendelea kunywewa hutoweka baada ya siku au majuma. Wale wanaoishi humo daima hutegemea kile mtu anachokula.

Wahadzabe, wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, wengine wakiwa katika Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, wamechunguzwa kwa sababu hiyo. Mlo wao wa mizizi, ubuyu, matunda, asali na nyama ya porini una nyuzinyuzi nyingi mno. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulikuta kwamba bakteria wao ni wa aina nyingi kuliko wale wa Waitalia waliolinganishwa nao. Ajabu ni kwamba watu wazima hawakuwa na Bifidobacterium, ambao katika nchi tajiri huuzwa kama bakteria wazuri. Mwaka 2017 watafiti wengine walionyesha kwamba bakteria wa Wahadzabe hubadilika kwa majira: aina fulani karibu hutoweka wakati wa masika na kurudi kiangazi, chakula kinapobadilika.

Upinzani na majaribio

Wapinzani wa Burkitt walisema kwamba saratani ya utumbo mpana ni ugonjwa wa wazee, na Afrika ilikuwa na wazee wachache. Walisema pia kwamba wagonjwa wa vijijini hawakufika hospitali, au walifika wasitambuliwe. Hoja hizo zina uzito, na tarakimu za vipeperushi vyake haziwezi kulinganishwa na za daftari kamili la saratani. Burkitt alijibu kwa kuwataja Wamarekani wenye asili ya Afrika, ambao walipata saratani hiyo kama Wamarekani weupe, na Wajapani waliohamia Hawaii. Kwake hilo lilionyesha kwamba chanzo kiko katika maisha, si katika nasaba.

Baada ya kifo chake mambo hayakwenda sawasawa. Mwaka 2000 majaribio mawili ya Marekani yaliwapa watu waliotolewa vinyama vya utumbo mpana pumba za ngano au mlo wenye nyuzinyuzi nyingi. Vinyama vilirudi kwao kwa kiwango kilekile kama kwa wengine. Wengi waliona kwamba hoja ya Burkitt imekwisha. Kuhusu vifuko vya utumbo pia, uchunguzi wa mwaka 2012 haukukuta kwamba watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi wana vifuko vichache. Sehemu hiyo ya hoja yake inatiliwa shaka mpaka leo.

Kuhusu saratani hali ilikuwa tofauti. Mwaka 2003 uchunguzi wa watu zaidi ya 500,000 katika nchi 10 za Ulaya ulikuta kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walipata saratani ya utumbo mpana kwa uchache. Mwaka 2019 mapitio makubwa yaliyofanywa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani yalionyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi wana hatari ndogo ya kufa mapema, ya ugonjwa wa moyo, ya kisukari na ya saratani hiyo, na faida inaonekana zaidi kuanzia gramu 25 hadi 29 kwa siku.

Jaribio lililo karibu zaidi na fikra za Burkitt lilichapishwa mwaka 2015 na Stephen O'Keefe na wenzake. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika Kusini 20 wa kijijini walibadilishana milo kwa majuma mawili. Wamarekani walilishwa chakula cha Kiafrika chenye nyuzinyuzi gramu 55 kwa siku, na Waafrika walilishwa nyama na chipsi. Katika muda huo mfupi asidi butiriki kwa Wamarekani iliongezeka mara mbili na nusu, asidi mbaya za nyongo zikapungua sana, na dalili za uvimbe katika ukuta wa utumbo zikashuka. Kwa Waafrika mambo yote hayo yaligeuka. Watu hawakupata wala kupona saratani katika majuma mawili, na jaribio halikudai hivyo. Lakini lilionyesha kwamba bakteria ndio kiungo kati ya chakula na hali ya utumbo, kiungo ambacho Burkitt hakuwa na vifaa vya kukiona.

Tuzo na miaka ya mwisho

Mwaka 1972 Burkitt alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society na akapokea tuzo ya Lasker kwa kazi yake ya kutibu limfoma. Mwaka 1973 alipata tuzo ya Gairdner ya Kanada, na mwaka 1992 tuzo ya Bower ya Franklin Institute, Marekani. Alistaafu Baraza la Utafiti wa Tiba mwaka 1976, lakini aliendelea kuandika na kuhutubu hadi uzeeni.

Alifariki kwa kiharusi mjini Gloucester tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82, akazikwa Bisley, kijiji cha Gloucestershire.

Daftari la saratani la Kampala, lililoanzishwa miaka ya 1950 wakati Burkitt akiwa Mulago, limeendelea kuandika wagonjwa wa mji huo na maeneo yanayouzunguka. Katika miongo ya karibuni linaonyesha kwamba saratani ya utumbo mpana, ambayo yeye aliihesabu kuwa nadra, inaongezeka.